Benchi la Ukurasa wa Kumi na Nne

Kwa Ndugu Mhariri,
Chumba cha Habari, ghorofa ya pili,
dirisha linalotazama karakana ya matairi.

YAH: MAKALA "SIKU TATU ZA KUPUMZIKA KATIKA MJI MKUU WETU WA KALE", NA HAJA YA KUISAHIHISHA KABLA YA IJUMAA

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na chai yako ikiwa bado haijapoa. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo unalijua. Nisingekusumbua Jumatatu, siku ambayo meza yako haina hata pa kuweka kiwiko, lakini jambo hili halisubiri. Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, mimi na mke wangu tunapanda treni kwenda mji mkuu kupumzika siku tatu kando ya bahari, na mwongozo wetu ni gazeti lako. Hapo ndipo penye tatizo.

Utakumbuka kwamba nililitumikia gazeti hili miaka thelathini na mmoja, dawati la mahakama na bandari. Wewe mwenyewe ulipofika kujifunza kazi nilikuketisha karibu na mlango, nikakufundisha swali moja tu: "Nani kakwambia?" Leo nakurudishia swali hilo.

Kila mwaka likizo zikikaribia mnachapisha, ukurasa wa kumi na nne, makala iliyoandikwa na mtu anayejiita Msafiri Wetu. Nimehesabu matoleo: kumi na tisa. Kilichobadilika katika miaka yote hiyo ni tarehe na, mara moja, koma.

Sasa kuhusu mke wangu. Ni fundi cherehani. Katika ndoa yetu amepanga kwenda mji mkuu kupumzika mara tisa, na mara tisa safari imevunjika: sita kwa sababu ya habari (kesi, kesi, meli iliyoegemea gati, kesi, mgomo, kesi) na tatu kwa sababu ya watoto. Mwezi uliopita kitinda mimba wetu aliondoka kwenda chuoni. Kesho yake mke wangu aliifunika cherehani kwa kitambaa, akaukata ukurasa wa kumi na nne kwa mkasi wa kazi, ule tusioruhusiwa kuugusa, akaubandika kwenye friji kwa plasta ya vidonda. Kisha akasema, "Haya bwana, sasa zamu yangu."

Hii ni safari ya kumi. Akifika kule akaambiwa kwamba yaliyoandikwa hayakuwapo, sioni kama kutakuwa na ya kumi na moja. Wala sioni kama ataliamini tena gazeti, au kitu chochote kilichoingia nyumbani kwake kutoka kwenye gazeti, nikiwemo mimi.

Kwa hiyo Jumamosi nilikaa na simu nikaikagua makala hiyo sentensi kwa sentensi. Yafuatayo ndiyo malalamiko yangu, kwa mpangilio wa uzito.

1. Benchi.

Msafiri Wetu ameandika: "Chini ya ukuta wa ngome kuna benchi la mbao. Mbele yako maji, nyuma yako hakuna wa kukuita." Nilimpigia mlinzi wa ngome. Sikumaliza swali.

"La gazeti?" akaniuliza. "Lipo, mzee, njoo tu."

Nikamuuliza limekuwapo tangu lini. Akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kusimulia jambo hilo mara nyingi. Alipoajiriwa, anasema, hapakuwa na benchi lolote. Palikuwa na ukuta, nyasi na paka. Lakini kila likizo walikuja watu wameshika kipande cha gazeti, wanauzunguka ukuta mara mbili, mara tatu, kisha wanamfuata yeye. "Ndugu, samahani, benchi liko wapi?" Aliwajibu miaka mitano. Mwaka wa sita zahanati moja ya jirani ilifungwa, akaenda na mkokoteni, akarudi na benchi. Bado limeandikwa mgongoni WAGONJWA WA MACHO. Watu wanalikalia, wanaitazama bahari, wanasema ni lilelile.

"Huyo aliyeandika hajawahi kukanyaga hapa," mlinzi akamalizia. "Tungemjua. Na mimi kila mgeni namwambia, wanafurahi sana."

Kila mgeni, Ndugu Mhariri. Mke wangu atakuwa mgeni Ijumaa mchana.

2. Chai.

Makala inasema upo mgahawa wa ghorofani, wenye madirisha mawili, ambako chai "huchukua dakika arobaini kufika, na hakuna anayelalamika kwa sababu hakuna anayekwenda popote". Mwenye mgahawa ni mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Ilibidi niishike simu mbali na sikio. Anasema mgahawa wake ulikuwa chini. Alikuwa na sifa mtaa mzima kwa wepesi: hujakaa, kikombe hiki hapa. Wageni wakawa wanamrudishia. "Mama, mbona mapema hivi? Gazeti linasema dakika arobaini." Mmoja alimshtaki kwa mumewe.

Mwishowe alihamia juu, akatoboa dirisha la pili, akaajiri mpishi mwenye kazi moja: kukaa na chai iliyokwisha kuiva mpaka muda utimie. Nilimuuliza kama hiyo si hasara kwa chai. "Chai haidhuriki, baba yangu. Anayedhurika ni mimi. Mimi sijazoea kukaa. Nimekaa miaka kumi sasa nangoja chai yangu mwenyewe, presha imeshuka, daktari ananishangaa."

Naomba uitazame kesi hii kwa makini. Mfanyabiashara mwadilifu, mwepesi wa mikono, amefanywa mzembe na gazeti, na afya yake imekuwa nzuri. Nani atajibu?

3. Fundi saa.

Hapa nilikasirika kidogo. Makala inamtaja "fundi saa mzee, chini ya tao la mawe, ambaye hukupokea saa yako siku unayofika na kukurudishia siku unayoondoka, ili usijue ni saa ngapi". Tao lipo. Fundi hakuwapo. Aliyepo leo ni karani mstaafu wa forodha aliyekuwa akipumzika pale baada ya kusoma gazeti lake, bila nia mbaya, akaona watu wanamsogezea mikono.

"Wa kwanza nilimwambia mimi si fundi," alinieleza. "Akasema, najua mzee, unajishusha. Akanivulia. Sasa mtu akishakukabidhi mali, wewe mtu wa forodha, utafanyaje? Nilimwandikia hati."

Anaandika hati mpaka leo. Nakala tatu: moja ya mwenye saa, moja ya kwake, na ya tatu haijulikani ya nani, lakini hawezi kuandika mbili, mkono unakataa. Zote zina muhuri. Hajui kutengeneza saa yoyote, na yake mwenyewe ilisimama zamani. Ana droo yenye saa ishirini na tatu za watu walioondoka bila kukumbuka kuzidai. Mwenye mojawapo aliandika barua baadaye kusema asitumiwe, yuko vizuri.

4. Lango.

Nimelihifadhi hili mpaka ukae sawa kwenye kiti. Makala inasema kutoka lango la mji wa kale hadi majini ni "hatua mia mbili na kumi". Kwa mujibu wa karani wa baraza la mji, hatua ni mia tatu arobaini, na wageni walikuwa wakifika ya mia mbili na kumi wanasimama katikati ya soko la samaki, wanatazama chini, wanatazama gazeti. Wachuuzi walilalamika kwamba wanazibwa njia. Baraza likaketi. Kulikuwa na hoja mbili: kuliandikia gazeti barua, au kurekebisha umbali.

Nilimuuliza karani kwa nini hawakuliandikia gazeti.

"Tuliandika, mzee. Hatukujibiwa." (Ndugu Mhariri, chunguza droo ya chini, upande wa dirisha.) "Sasa bahari haihamishiki. Geti tumeweza."

Wamejenga lango la pili, dogo, la mawe, hatua mia mbili na kumi kamili kutoka majini. Karani alizipima mwenyewe, mara mbili, kwa viatu viwili tofauti. Mwaka juzi waongoza wageni walianza kusema lina karne tatu. Mwaka huu limeingia kwenye kitabu cha mazoezi cha darasa la nne, swali la saba: "Je, kutoka lango la kale hadi baharini ni hatua ngapi?" Mtoto anayejibu mia tatu arobaini anakoseshwa.

Unaona tulipofika. Benchi limeletwa, chai imecheleweshwa, karani amekuwa fundi, na taifa zima lina mji mkuu wa kihistoria ambao historia yake, kwa sehemu hiyo, ina umri wa kitinda mimba wangu.

5. Nyumbani kwangu.

Mke wangu haandai chochote. Mfuko wake una magauni mawili, kanga, miwani na ndala. Nilimwuliza ratiba iko wapi, akaelekeza friji kwa kidole. Nilimwandalia ratiba mbadala, kurasa nne tu, yenye makumbusho, mnara wa taa, jengo la bunge la zamani na nafasi ya dakika kumi na tano kila siku ya kupumzika. Aliisoma yote kwa adabu, kisha akaifungia vitumbua vya jirani.

Masharti yake ni haya: nisibebe daftari, nisimwulize ofisa yeyote swali lolote, na nikiona umati nitembee upande mwingine. "Maana wewe nakujua," akasema. "Nitageuka nikuletee chai nikukute uko kituo cha polisi unauliza aliyekamatwa ni nani." Shemeji yangu, dada yake, alikuwapo na alicheka kuliko ilivyohitajika. Shemeji huyo huyo ana tiketi ya akiba. Nikivunja sharti moja, anakwenda yeye.

Jambo linaloninyima raha zaidi ni lingine. Kila jioni mke wangu anasimama mbele ya friji, anavaa miwani, anaisoma makala hiyo tangu mwanzo kana kwamba ni barua yake. Jana aliguna akasema, "Huyu Msafiri Wetu ananijua. Anajua mwanamke anachokea wapi." Akanitazama. Nilikuwa nafunga bomba la jikoni, ambalo halikuwa likivuja.

6. Mwandishi mwenyewe.

Ni nani huyu? Sina ugomvi naye binafsi, lakini kazi ni kazi. Kumbukumbu za ofisi, ambazo zilinijia kwa njia halali, zinaonyesha kwamba miaka kumi na tisa iliyopita mwandishi mmoja alipewa tiketi ya treni kwenda mji mkuu kwa siku tatu. Tiketi ilirudi ofisini haijatobolewa. Wiki hiyo tangazo la magodoro liliondolewa saa ya mwisho, ukurasa wa kumi na nne ukabaki na tundu la maneno mia saba, na mhariri wa wakati huo, marehemu tuliyemwita Wino Mwekundu, aliipokea makala bila kuuliza lile swali letu. Haya nayafahamu kwa kuwa nilikuwa karibu.

Mtu mzima, mwenye kalamu, anakaa mahali fulani anaandika habari za bahari bila kuiona. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko mengi niliyoyaripoti kutoka kizimbani, maana washtakiwa wale, wengi wao, walikuwepo kwenye eneo la tukio.

Kwa hayo yote, naomba, kwa heshima:

(a) Uchapishe sahihisho toleo la Alhamisi, ukurasa wa kwanza, juu. Rasimu nimeiambatisha: "Benchi halipo, chai haichelewi, fundi saa hayupo, na hatua ni mia tatu arobaini. Tunaomba radhi."

(b) Kwa kuwa hivi sasa benchi lipo, chai inachelewa, fundi yupo na hatua ni mia mbili na kumi, sahihisho hilo litakuwa la uongo. Kwa hiyo umtume mtu Jumatano aondoe benchi, aharakishe chai, amstaafishe karani mara ya pili na abomoe lango. Siwezi kuweka jina langu chini ya jambo lisilo kweli.

(c) Ikishindikana, uandike kwenye utabiri wa hali ya hewa kwamba kutanyesha. Nimepiga simu kituo cha hali ya hewa: kutakuwa na jua siku zote tatu, upepo mwanana. Wasihi wafikirie upya.

(d) Ikishindikana hilo pia, serikali iombwe ihamishe mji mkuu kwa muda, hadi Jumatatu. Mji wa bara wowote utafaa, wenye ofisi nyingi na kelele, usio na maji mbele yake.

(e) Msafiri Wetu atafutwe, apelekwe kule kwa nguvu, akalishwe kwenye benchi hilo siku tatu mfululizo bila daftari wala simu, aangalie alichokifanya.

Nitashukuru kwa jibu la haraka. Nisalimie wasahihishaji wote, hasa yule wa koma. Nisalimie mama wa mapokezi, mwambie sauti yake tunaikosa. Msalimie dereva, na umwulize kama gari linawaka lenyewe siku hizi au bado mnalisukuma. Mpe salamu mpiga picha, na umfikishie kwamba bahari iliyo kwenye ukurasa wa kumi na nne ni bwawa la maji la wilaya yetu, siku ya uzinduzi. Kofia ya diwani inaonekana kona ya kushoto. Wasalimie na wale wa ghorofa ya chini, ambao sikuwahi kujua wanafanya nini.

Ni mimi, ninayeheshimu kazi yako na niliyeketi kiti chenye mguu mfupi kabla yako,

Mwandishi wenu wa zamani,
Dawati la Mahakama na Bandari.

TANBIHI

Kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna ukurasa wangu uliotoka nyumbani bila mke wangu kuupitia, isipokuwa mmoja. Nilikuwa nimeshafunga bahasha hii; ameifungua kwa mvuke wa birika. Ameisoma mezani jikoni, amesahihisha maneno mawili, kisha amevua miwani.

"Hukuandika mahali fulani," amesema. "Uliandika hapa."

Ni kweli. Msafiri Wetu ni mimi. Sikwenda, kwa kuwa asubuhi ya safari kitinda mimba alizaliwa, wiki mbili kabla ya siku yake, na ofisini sikusema. Hili nilidhani mke wangu halijui. Nilidhani alizungumza akiwa nusu usingizini, akasahau.

"Nilikuwa nimekaa kiti hiki," amesema, "mtoto ana siku mbili. Ukaniuliza, mama watoto, hivi mahali pa kupumzika pakoje? Nikakwambia: benchi, maji mbele, nyuma asiwepo wa kuniita. Chai niletewe, hata ikichelewa. Na saa nisiione kabisa. Wewe ukawa unaandika tu. Nikajua unanisikiliza, sikujua uko kazini."

Nikamwuliza kuhusu hatua mia mbili na kumi, maana hizo, nilimwambia, nilizibuni.

"Hukuzibuni. Ni kutoka mlangoni hapa hadi bomba la mtaa, kabla hatujavuta maji ndani. Siku zile tatu ulikuwa unanichotea maji, unahesabu kwa sauti, mtaa mzima unakusikia."

Nimetoka nje sasa hivi kuhakikisha. Ni mia mbili na kumi, ingawa goti limeongeza moja.

Nilimwuliza kwa nini hakusema lolote miaka kumi na tisa. Amesema kila mwaka aliisoma akingoja nione haya, nimpeleke.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naondoa malalamiko ya kwanza hadi ya sita, na maombi (a) hadi (d). Ombi (e) libaki kama lilivyo. Shemeji amekwisha kuirudisha tiketi yake. Mlinzi aliache benchi. Makala ichapishwe tena mwakani, na kosa moja tu lirekebishwe, jina la mwandishi. Badala ya Msafiri Wetu waandike: fundi cherehani.

Jibu lako usilitume kabla ya Jumanne ya wiki ijayo. Saa yangu amekwisha kunivua. Nimedai hati, nakala tatu. Amecheka, akaifungia saa kwenye droo ya sindano.